Mkwe Kwenye Foleni

Jumatano usiku, Somanda

Bado nina hasira. Wiki nzima nimewafundisha hawa wanaojitolea jambo moja tu: ukishika mizani, huondoki mpaka foleni iishe. Watu wanatoka mbali kufuata bei nafuu ya soko letu, halafu wakute meza haina mtu?

Leo Masanja, niliyemtegemea kuliko wote, alikuwa anapima dagaa vizuri tu. Akainua macho, akamwona mama mkwe wake anakaribia meza. Akaacha dagaa kwenye mizani, akatokea mlango wa nyuma. Mama wa watu naye akajifunika kanga usoni, akaondoka na kikapu kitupu. Na nyumbani ana wajukuu wanaomsubiri.

Nilimkuta Masanja nyuma ya stoo, nikamfokea. "Hapa ni kazini. Mwiko wa kutoonana na wakwe uache nyumbani."

Akaniuliza taratibu, "Dada, baba mkwe wako akija, wewe unampimia?"

Nikamwambia arudi mezani.

Mzee huja kila Ijumaa. Na kila Ijumaa mimi huwa niko stoo, napanga magunia ambayo yameshapangwa.