Verni kwenye Ukuta wa Mama

Mama,

Ukuta wako umeoza. Nakuambia hilo kabla hata ya salamu, maana ungeuliza ukuta kwanza na wajukuu baadaye, nakujua. Umeoza, umenuka, na aliyeuozesha ni mimi mwanao.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha masista, kile ulichokuwa unakicheka ukisema kinatembea na viatu. Kusoma hukujua. Basi tafuta mtu wa kukusomea huko uliko, lakini asiwe padri, kwa sababu humu nina maneno machafu kidogo.

Ulipotuacha, mvua zilikuwa bado. Ukuta wa mbele ulikuwa umekauka vizuri: udongo mweupe wa pemba, wekundu wa kichuguu, weusi wa makala ya jikoni, na ile mistari myembamba ya kijani ya mawe uliyokuwa unaokota kando ya reli na kusaga mwenyewe. Samaki wako walikuwa wamepangana juu yake, waliopasuliwa, mifupa nje. Wengine wakiuliza uliwatoa wapi, mimi ninajua. Siku nane ulichuchumaa sokoni mbele ya yule mwanamke anayeleta samaki wakavu kwa njia ya Kasomeno. Hukununua hata kichwa kimoja, mpaka akakufukuza kwa ufagio. Ukarudi nyumbani unacheka, ukaloweka udongo siku ileile.

Kila mwaka ilikuwa hivyo. Mvua zikiisha unakwangua ukuta wote, kama mama yako alivyokuwa anafanya kule Lukafu, halafu unapotea mitaani ukitafuta kitu cha kuona. Mwaka ule ulipochora mataruma ya reli nilikuwa mtoto, nikaukumbatia ukuta ili usiukwangue. Nikachafua gauni la kanisani. Ulinichapa kwa ajili ya gauni, kisha ukaniambia: "Uyu ukuta ulishaka kusema yake. Niache nitembee kwanza, macho yangu iko na njala."

Nilikusikia. Sikuelewa hata nusu.

Wiki chache baada ya kukuzika, yule Madame anayetufundisha wanawake kudarizi alituletea Monsieur mmoja kwenye lupango, hapa uani kwetu. Alisema huyo anachora mapambo ya pazia na sahani kwao Ulaya, na amekuja kwetu kutafuta mawazo mapya. Mtu mrefu, shingo nyekundu, viatu vimefungwa vizuri. Tulimpa kiti akakipangusa kwa leso. Tulimpa maji akasema asante hana kiu, huku jasho linamtoka. Akasogea karibu na ukuta wako. Akalamba kidole, Mama. Alikitia ulimi mbele ya watu, kisha akakisugua juu ya samaki wako wa katikati ili aone kama rangi inatoka. Ikatoka, bila shaka. Alitegemea nini, chuma? Akafuta kidole kwa leso ileile ya kiti, akaacha doa la mate pale palipokuwa na mfupa.

Halafu akaanza hotuba. Eti uzuri, eti roho ya Mwafrika, eti falsafa ya watu wasiojua kwamba wana falsafa. Alisema uliyefanya haya ulifanya bila kufikiri, mkono wenyewe tu, kama ndege ajengavyo kiota. Madame akatikisa kichwa kukubali. Siku nane za kuchuchumaa, ufagio wa yule mwanamke, miguu yako iliyovimba, yote hayo yakawa kiota cha ndege. Na mimi je? Nilitabasamu. Nilisimama pale na gauni langu la pasi, nikasema oui, Monsieur, ndiyo Bwana. Ulimi wake ulinitia kinyaa, lakini lile tabasamu langu ndilo linaloniamsha hadi leo nikitaka kusukutua kinywa.

Kabla ya kuondoka aliniambia kwamba kazi hii ni hazina, niilinde, mvua isiiguse kamwe. Maneno hayo yakaniingia moja kwa moja. Wewe uliniambia miaka yote ukuta lazima ufe, sikukusikia. Mtu mwenye mate kwenye kidole aliniambia mara moja tu.

Ilunga, mkwe wako, anaranda mbao kule karakana wanakotengeneza makabati ya bazungu. Nikamwomba kopo la verni ya kung'arishia mbao. Alilileta, akakuna kichwa: "Verni iko ya mbao. Ya udongo, miye sijue." Nikamwambia aache woga. Nilipaka mara mbili, kutoka chini mpaka chini ya paa. Doa la yule bwana nilitaka kulirekebisha kwanza, lakini mkono ulikataa. Niliogopa kuweka mstari wangu katikati ya yako. Basi nikapaka verni juu yake. Samaki wako wakang'aa, na katikati yao kidole cha mgeni kikang'aa kuliko wote.

Jirani yako Mama Adija alikuja kuangalia. Yule yule wa Maniema aliyekuwa anakukanyagia udongo kila mwaka, huku mnasengenya lupango zote za karibu. Alisimama, akakaza kikwembe chake kiunoni, akarudi kwake. Nikasema moyoni, wivu huo.

Mvua zikaanza. Unyevu ukapanda kutoka chini kama kila mwaka, ila safari hii haukupata pa kutokea. Verni ilikuwa imeufungia ndani. Ukuta ukaanza kuvimba. Malengelenge, Mama, makubwa kama machungwa, juu ya samaki wako wote. Nilibonyeza moja kwa kidole gumba likapasuka, yakatoka maji ya kahawia yananuka panya aliyekufa. Watoto wakakimbia. Kila siku lilipasuka jingine, na plasta ikaning'inia vipande vipande, imeshikwa na ngozi ya verni tu. Nilimega tonge la bukari nikiupa mgongo mlango, kwa sababu harufu ilinifuata mpaka kwenye sahani.

Monsieur akarudi na rafiki zake wawili kuwaonyesha hazina. Akaona, akaziba pua. Alisema dommage, lile neno lao la pole lisilo na machozi. Kumwambia kwamba mimi ndiye niliyemtii, sikuweza. Akaenda kwenye motokari, akarudi na karatoni kubwa nyeupe ya kuchorea, akaniuliza kama ninaweza kumchorea samaki wale vilevile hapo, bila kubadilisha kitu. Nikasema oui, Monsieur. Mara ya pili, Mama! Sijui ulinizaa na uti wa mgongo au ulisahau.

Niliichora. Nilipiga miraba kwa penseli kama masista walivyotufundisha kunakili waridi za kwenye vitambaa vya meza, nikahamisha samaki wako mmoja mmoja, mraba kwa mraba. Walitoka sawasawa kabisa. Hata wewe usingeona tofauti, na hapo ndipo uchafu wenyewe ulipo. Nilikuwa ninajisifu, nimeisimamisha karatoni mezani, Mama Adija alipoingia kuomba moto. Aliiangalia muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa upole, kama anauliza bei ya chumvi: "Na weye, uyu mwaka uliona nini?"

Nilitaka kumjibu vibaya, nikahesabu miezi kwanza. Mwaka mzima sikuona kitu. Nilikuwa nimeulinda ukuta, basi. Niliishusha karatoni mezani, nikaigeuza uso.

Monsieur sikumpa karatoni yake. Madame amenuna, haniiti tena kwenye darizi. Afadhali. Waridi zile zilikuwa zimenichosha siku nyingi.

Mvua zilipokwisha nilianza kubandua. Verni ilitoka na kila kitu, mabamba mazima, na wadudu weupe nyuma yake. Nilifunga pua kwa kitambaa. Nilipofika kwenye udongo wa chini kabisa, ule wa kushikiza ambao hukuwahi kuuonyesha mtu, nikaviona vidole vyako. Mifereji minne, minne, minne, ukuta mzima, pale ulipokwaruza ili plasta ya juu ishike. Na mfereji wa mwisho hafifu kuliko mingine, kwa sababu ya kile kidole chako kidogo kilichovunjika kwenye mlango, kikapona kimepinda. Nikaketi chini kwenye uchafu ule. Nililia vibaya, Mama, kwa sauti, majirani wakadhani kuna msiba mpya.

Na unajua niliwaza nini nilipomaliza kulia? Niliwaza kukata kile kipande, Ilunga anitengenezee fremu ya kioo. Ndiyo. Tena. Kichwa changu ni kigumu kama ulivyokuwa unasema.

Mama Adija alinikuta pale, ndoo ya udongo kichwani. Hakuulizwa, hakuitwa. Akaitua, akavua viatu, akaanza kuukanyaga. Hakuuliza lile swali lake tena, lakini mimi nililijibu: "Niliona ukuta yenye kuoza."

Kwa sababu ndivyo, Mama. Ndicho kitu pekee nilichokiona mwaka huu kwa macho yangu mwenyewe. Ninayajua yale malengelenge kuliko uso wangu: duara nono, duara lililopasuka, kingo zake zilivyojikunja, madoa ya kahawia ndani ya madoa. Ninaweza kuyachora bila miraba. Nilimchorea moja kwenye vumbi kwa kidole. Akaliangalia, akakunja pua.

"Iko mubaya," alisema. Na mguu wake ukaendelea kukanyaga.

Nimekwenda kuchimba pemba mwenyewe. Makala yamesagwa. Mawe yako ya kijani yaliyobaki kwenye kile kikombe nimeyaacha, nitaokota yangu. Karatoni tumeitandika chini ya ukuta udongo usitapakae, Mama Adija amesimama juu ya samaki na miguu yake mipana.

Kesho asubuhi nafunika vidole vyako. Nitavifunika kwa mikono yangu, si kwa kitu cha kopo, na nitakwaruza mifereji yangu juu yake ili plasta ishike. Ukuta utakuwa mbaya, watu watauliza ni ugonjwa gani. Mwaka ujao mvua zikiisha nitaukwangua wote, hata kama utakuwa umependeza. Nakuahidi hilo mbele ya Mama Adija, na unajua hasahau.

Kopo la verni Ilunga amelirudisha karakana. Pumzika sasa, Mama. Macho yangu yana njaa.

Mwanao.