Visiwa Tisa Katika Beseni Moja

Mwaka umetimia, Khaemba mwanetu, tangu malaria ikuchukue ukiwa na miaka ishirini na sita.

Nyumba ya Bugolobi ina utulivu tusioutaka. Hakuna anayemenya viazi huku akisoma. Hakuna anayempandishia jirani yetu Mama Kaltumi maji hadi ghorofa ya nne bomba likikauka.

Uliipenda safari ya yule Mwingereza wa zamani aliyezunguka dunia kwa meli miaka mitano, akikusanya ndege na mawe. Ulitueleza mezani kwamba ndege wa kila kisiwa walikuwa na mdomo wao, na hilo likamsaidia kuona kwamba viumbe hubadilika kizazi kwa kizazi.

Baba yako akauliza, "Na huo mdomo wako, umetoka kisiwa gani?" Ulicheka kutushinda sote.

Nawe, kwa utafiti wako wa chuo, ukavizunguka visiwa tisa kati ya vile vya Ssese ziwani kwa boti, miaka miwili, ukileta nkejje, wale samaki wadogo, katika chupa za spiriti. Kila chupa ilikuwa na karatasi yenye jina la kisiwa.

Mama yako alitaka chupa za achari kwa wageni wa dada yako Nakhisa. Akamwaga samaki wote katika beseni moja, karatasi akatupa, chupa akaosha.

"Mama, umechanganya visiwa!"

"Visiwa gani? Samaki wa ziwa moja ni samaki tu. Niondolee beseni, linanuka."

Ulichuchumaa pale, hukupaza sauti. "Hata yule wa meli alichanganya ndege wake, mama. Ila wenzake melini waliandika visiwa vya ndege wao."

Ukamwambia msimamizi wako wa utafiti, Daktari Olanya, kwamba kosa ni lako. Mama yako alijua, akanyamaza.

Siku ya mazishi Daktari alisema ulikuwa na akili nyingi, ila mzembe wa kutunza vitu. Watu wakacheka kwa upendo. Mama yako naye akacheka, kaburi likiwa wazi mbele yake.

Basi Daktari Olanya asome hapa, na wenzako wa maabara wasome: Khaemba hakuchanganya hata samaki mmoja. Ni mimi, Phelister, mama yake. Nilikuwa na mwaka mzima wa kusema, na kabla ya hapo nilikuwa na wewe mwenyewe, mzima, jikoni kwangu. Sikukuomba hata radhi.

Unakumbukwa na baba yako Wanyama, dada yako Nakhisa, mjomba Odero wa Katwe, na mama yako.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu.