Hodi Chini ya Ziwa

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Huku Sengerema hatujambo. Bibi yako amepona mguu, sasa ananigombeza kama zamani. Katika barua yako unauliza wewe na wenzako kazini mtachoraje mipaka ya hifadhi chini ya bahari, mahali ambapo jicho halifiki.

Miaka ile viwanda vya sangara vilipofunguliwa Mwanza, bwana samaki, yaani afisa uvuvi wa wilaya, alitaka sehemu moja ya ziwa isivuliwe. Baba yangu, mvuvi, alitupakia mimi na yeye mtumbwini, akapaka jiwe mafuta ya ng'ombe, ili linase chochote kilichoko chini, akalishusha kwa kamba. Kila alipolishusha alinong'ona, "Hodi." Lilirudi na tope jeusi, linanuka yai bovu. Hata konokono hakuna. 

"Tufunge popote tu, twende," alisema bwana samaki.

Baba akajaribu tena, penye miamba, akanipa kamba niishike. Kamba ikatetemeka mkononi mwangu. Jiwe lilipopanda, mafuta yalikuwa na alama za meno madogo madogo ya furu, samaki tuliodhani sangara amewamaliza.

 Hapo ndipo palipofungwa.

Pigeni hodi kwanza, Kulwa. Mimi hadi leo nikishusha ndoo kisimani, mkono husubiri kuvutwa.

Babu yako