Kambare wa Shangazi Mize

Mama mpenzi,

Asalaam aleikum kutoka Pujini. Jana Shangazi Mize alivua kambare mkubwa ajabu bwawani kwa ndoana. Hapa kijijini sifa ilikuwa ya Mzee Faki, kwa kambare wake wa shubiri nne. Mzee akampima huyu kwa kiganja chake, akasema, “Tatu na nusu tu, Bi Mize.”

Shangazi akamjibu, “Hebu, Mzee Faki! Wako alipimwa kwa nkono wa mkeo. Kwa nkono wako huo hata papa ni dagaa!”

Watu wakaangua kicheko. Mkewe akaitwa, akapima taratibu: nne na nusu! Tukampika kwa nazi, na Mzee akala kuliko sote.

Kesho nitavua mimi. Mkono wangu ni mdogo kuliko wa mkewe, kwa hiyo nina matumaini makubwa. Niombee dua.

Mwanao akupendaye,
Zuhura