Chungu Kikubwa cha Mavuno

Mjukuu wangu Tekla,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Shangazi yako kahamia Kiberege, hapa Katindiuka nimebaki na kuku.

Unauliza kama uchumi ni sayansi. Miaka ya hamsini, nikiwa msichana, bwana shamba alilinganisha mashamba mawili ya mpunga: moja lilivunwa na majirani walioitwa kwa pombe na wali, jingine na vibarua. Akasema vibarua ni nafuu, na hakukosea. Baba akaamua kuajiri vibarua, akamkataza mama kupika pombe.

Siku ya mavuno yaliyofuata vibarua walilipwa, wakaondoka. Mama, kwa mazoea, alikuwa amepika wali wa chungu kikubwa. Tukakizunguka watatu tu.

Bwana shamba alipima sawasawa. Lakini lililo jema kwetu halikuwa la kupimwa; tulipaswa kuliamua wenyewe.

Chungu kile ninacho. Mpaka leo sijui kupika kidogo.

Bibi yako