Pengo Tulilokata Kwenye Tuta

4 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Sisi wazima, tena mimi mzima kupita kiasi! Leo siku ya tatu naitwa "mke wangu", na kila nikiitwa nageuka kutazama ni nani huyo. Mume wangu anapika chai mwenyewe, Baba. Nusu inamwagika jikoni, nusu inayofika naiona asali.

Bado naliona gari letu likikatiza kwenye tuta la kuzuia bahari hadi mlangoni pako, gauni langu bila doa la tope. Ni bibi harusi gani mwingine aliyekatiwa tuta na baba yake, kwa jembe lake mwenyewe?

Najua unataka kulijaza pengo kwa udongo wa mfinyanzi, ushindilie tabaka kwa tabaka. Kazi ya wiki mbili hiyo! Si viroba vya mchanga vinatosha kwa sasa? Njoo kwanza ukae nasi. Tuta halina miguu.

Binti yako

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimefika salama. Mwambie mkwe wangu nimeshiba upendo, ila chai aendelee kujifunza.

Nakuandikia kwa uzito. Ili nipewe ruhusa ya kuja kwenu, nilimwambia msimamizi wetu wa tuta kuwa pengo limeshindiliwa. Ukweli ni kwamba nilipanga viroba tu, nikavifunika udongo kidogo na majani juu. Maji makuu ya mwezi mpevu yamevisomba nikiwa mezani kwenu. Nyumba nne zimelowa hadi madirishani. Hakuna aliyekufa, Mungu mkubwa. Lakini Kobe, mwenzangu wa zamu, analala darasani na wanawe watatu, godoro moja.

Msimamizi anauliza maswali. Nataka kusema kweli.

Baba yako

26 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Umekula? Mimi hakipiti kitu, na mume wangu ananibembeleza kama mtoto mgonjwa.

Baba, nakuomba, nyamaza. Umebakiza mwaka mmoja ustaafu. Yaliyomwagika hayazoleki. Ukisema, nyumba za watu zitakauka? Nimetuma mablanketi yetu mawili ya zawadi, yale mazuri mekundu, umpe Kobe. Usimwambie ni kwa sababu gani.

Sitaki siku yangu nzuri kuliko zote itajwe kwenye kikao cha mafuriko. Niahidi.

Binti yako

15 Aprili

Mwanangu,

Nyumbani hatujambo, kwa maana ya kupumua.

Nimenyamaza ulivyotaka. Msimamizi kaamua kwamba Kobe hakukagua tuta usiku ule, kamwachisha kazi. Jana alikuja kuniaga. Akasema, "Ndugu yangu, nisamehe. Nilipita pale na taa, nikaona kazi ya mkono wako, nikajisemea hapa pa fundi, hapana haja ya kupakanyaga kupima kama pameshindiliwa. Labda kweli nilizembea."

Ananiomba radhi mimi! Nilisahau hata kumpa kiti.

Mablanketi ameyapenda.

Baba yako

21 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sikuulizi hali, naijua.

Nimemsomea mume wangu barua zako zote. Akaniuliza, "Kwa hiyo ili gauni lisishike tope, Kobe kakosa kazi?" Hakunikaripia. Bora angenikaripia. Nampenda mtu huyu hadi naona aibu mbele yake.

Mimi ndiye niliyekuita, mimi ndiye niliyekufunga mdomo. Ahadi ile naifuta. Wiki ijayo tunapanda basi la asubuhi, twende wote kwa msimamizi. Usipoweza kusema, nitasema mimi, na jina lako nitalitaja, Baba. Kisha nitakwenda kwa Kobe, nipige magoti.

Nilidhani furaha yangu haina mtu wa kumdhuru.

Binti yako

9 Mei

Mwanangu,

Natumaini mlifika salama, na kwamba umeacha kulia.

Baada ya yale tuliyomweleza msimamizi, Kobe amerudishwa kazini. Mimi nimepumzishwa, na sina neno. Wameniruhusu kusaidia kushindilia, bila cheo, nami nakwenda kila siku. Udongo wa mfinyanzi mtupu safari hii.

Leo asubuhi Kobe alinipita akisukuma toroli. Nikamwita, "Ndugu yangu, habari za kazi?"

"Nzuri, mzee," akajibu, wala hakusimama.

Miaka kumi na tisa hajawahi kuniita mzee.

Baba yako