Kanda Inayokwenda Polepole

Jumatatu, 2 Juni
Nimepangusa redio kaseti ya Zabuloni, kama kila Jumatatu. Leo nikaiwasha pia. Inavuma tu, kanda haizunguki. Mpira wa ndani umekatika.
Kuganduka ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mwaka umetimia. Tutavua msiba, watu watamzungumzia mume wangu mara ya mwisho, kisha basi. Nataka siku hiyo wasikie sauti yake. Simu yake ilipotea siku za hospitali. Imebaki kanda hii tu, aliyorekodi akiwa dijei wa miaka ishirini kwenye buati moja, klabu ya usiku ya mtaa wa Bwiza.

Jumanne, 3 Juni
Shemeji Ferdinand, kaka yake mkubwa, amekuja kupanga sherehe. Nikamweleza habari ya kanda.
"Apana, Mama Aline. Korali ya kanisa inatosha. Tunaganduka, hatuendi buati."
Nilikasirika. Nikampa chai.

Jumatano, 4 Juni
Buyenzi, kwa fundi Mzee Saidi. Nimemwachia redio. Kaniuliza kwenye kanda kuna muziki gani. New beat, nikasema. Sisi tuliita nyubiti. Hakuujua. Nikamweleza kama Zabuloni alivyonieleza mara mia. Ubelgiji, miaka ya themanini. Dijei mmoja aliweka santuri kwa mwendo usio wake, mizunguko thelathini na tatu kwa dakika badala ya arobaini na tano. Ngoma zikawa nzito, kila kitu kikazama. Watu hawakuzomea, wakacheza. Basi wakaanza kutunga nyimbo za polepole makusudi. Miaka michache tu, ukaisha.
"Yaani mutu alikosea, wakaita muziki?"
Zabuloni angemkumbatia.

Ijumaa, 6 Juni
Idi. Buyenzi wamefunga maduka. Zimebaki siku nane. Naogopa.
Nakumbuka vijana wetu wa nyubiti. Binamu wa mmoja wao aliwatumia picha kutoka Brussels. Wakaiga kila kitu: shati jeusi limefungwa hadi kooni, miwani myeusi, nembo ya gari ikining'inia shingoni. Kwa joto la hapa! Zabuloni alilowa kama aliyemwagiwa ndoo, na hakufungua kifungo hata kimoja. Nilianza kumpenda kwa kumhurumia.

Jumatatu, 9 Juni
Redio imerudi. Mzee Saidi hakupata mpira wake, akakata kipande cha tyubu ya baiskeli.
Nilifunga mlango. Inazunguka polepole mno. Muziki unatambaa. Kisha akasema, "Bonsoir, Bwiza."
Nikakaa sakafuni.
Aliyerekodi ni kijana, lakini tyubu imeishusha sauti. Imekuwa ile nzito ya mwaka jana, iliyokuwa ikiniomba maji. Yule kijana simkumbuki sana. Huyu ndiye ninayemkosa.
Mbele kidogo anaita: "Ferdi! Weye uliye mlangoni! Rudisha nembo ya gari ya papa kabla hajaamka!"
Nimecheka peke yangu. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Jumatano, 11 Juni
Nimembebea shemeji redio hadi kwake. Sikutaka kumshtukiza mbele ya watu. Wala sikutaka kumzunguka.
Alisikiliza, kofia mapajani. Kufika kwenye nembo, akafunika uso. Nikajua nimeharibu.
"Papa alinichapa mi peke yangu," akasema. "Yeye alikimbilia kwa shangazi."
Alicheka mpaka akalia. Nilitazama ukuta.
Mlangoni akasema, "Korali kwanza. Halafu yeye."

Jumapili, 15 Juni
Imekwisha. Jana walimsikia. Wajukuu waliuliza kwa nini babu anaongea na muziki mgonjwa. Ferdinand alifunga shati hadi kooni, akacheza hatua mbili, akaketi.
Leo nimevaa gauni la kijani. Limenibana kidogo.
Mzee Saidi ametuma ujumbe. Mpira wenyewe umepatikana, umetoka Uvira. Akiuweka, kanda itakwenda mwendo wake.
Nimemshukuru. Nimemwambia amwekee mtu mwingine.